KENGELE YA FRERETOWN NA MALEZI YA WATOTO MAJASIRI

Historia fupi kwa kumbukumbu ya miaka kumi ya kikundi chetu



Kamati ilipokaa kupanga kitabu hiki tuligawana kazi. Katibu aliandika orodha ya wanachama, mweka hazina akaandika jinsi sanduku lilivyokua, na sisi tukaachiwa ukurasa wa historia. Masomo yetu yaliishia shule ya msingi, kwa hivyo mtusamehe Kiswahili cha sokoni kikiingia humu ndani. Tumesoma tulivyoweza, na tumewauliza wazee wa kanisa wanaoijua habari hii. Hapa tunaandika yale yenye uhakika.

Wengine watauliza, chama cha akiba kinatafuta nini kwenye habari za watumwa wa zamani? Swali zuri. Jibu lake ni watoto.

Mnajua sote kwamba, mbali na hisa, kila Jumatano tunatoa shilingi 50 za mfuko wa watoto. Pesa hizo zinalipa karo na kununua sare za watoto waliofiwa au ambao wazazi wao wameshindwa kabisa, hata kama mzazi si mwanachama. Mwaka huu wenzetu kadhaa wametaka mfuko huo ufungwe, pesa zirudi kwenye hisa. Hawasemi hivyo kwa uchoyo. Unga umepanda, nauli imepanda, na kila mmoja wetu ana wake nyumbani wanaotaka kula. Jambo hili litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu, na kila mtu atapiga kura yake kwa uhuru. Lakini kabla ya kura tunaomba tukumbuke ni mahali gani tunaishi, na ni nani waliolelewa kwenye udongo huu kabla ya watoto wetu.

Kuna jambo lingine linalotusumbua sote. Hapa Kisauni tumeona vijana wadogo wakibeba mapanga, wakiwanyang'anya watu njiani, na wenzao wanawaita majasiri. Jamani, huo si ujasiri. Huo ni ubabe, na ubabe una woga mwingi ndani yake, ndiyo maana unatembea kwa makundi. Sasa ujasiri wa kweli ni upi, na mtoto anaupata wapi? Historia ya hapa petu inajibu vizuri kuliko sisi.

KABLA YA KENGELE

Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine. Haikupita hata miezi michache, mama yule akajifungua mtoto wa kike, na homa ikawachukua wote wawili, mama na mtoto. Walizikwa upande huu wa bara, Nyali. Kwa hivyo habari ya Injili hapa kwetu ilianza na kaburi la mama na mwanawe. Kina mama mnaofahamu uchungu huo mtaelewa kwa nini tumeanzia hapo.

Krapf hakurudi kwao. Mwaka 1846, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, alifungua kituo Rabai, kwa Wamijikenda. Rebmann alikaa huko mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Walioamini walikuwa wachache sana miaka hiyo yote. Ukihesabu kwa idadi ya watu utasema kazi imeshindwa. Lakini mahali palikuwa pameandaliwa.

Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto. Watu walitolewa bara, hasa upande wa ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa na bandari nyingine, kisha wakapakiwa majahazi. Wengi wao walikuwa watoto, kwa sababu mtoto ni rahisi kumkamata na hawezi kupigana.

DENI LILILOMCHUKUA MTOTO

Hebu tuvuke kidogo hadi Unguja, kwa sababu kuna mtoto mmoja wa kike ambaye habari yake inakihusu chama cha akiba moja kwa moja.

Anaitwa Swema, Myao. Alifika Unguja mwaka 1865 akiwa na umri wa miaka kama kumi hivi, na baadaye mapadre wa Kikatoliki waliandika habari zake kama alivyozisimulia mwenyewe. Baba yake alikuwa amefariki. Mama alibaki na mtoto na njaa, akakopa nafaka kwa jirani, na siku ya kulipa hakuwa na kitu. Msafara wa watumwa ulipopita pale kijijini, mwenye deni alimchukua Swema na kumuuza ili ajilipe.

Tusome tena taratibu. Hakukuwa na vita. Hakukuwa na wavamizi usiku. Ni deni la chakula tu, na mama asiye na mtu wa kumsimamia.

Mama yule hakukubali kuachana na mwanawe. Alijitoa akaufuata msafara, ili awe karibu naye tu. Njiani alikosa chakula, akaishiwa nguvu, akafia huko. Swema alifika Unguja mgonjwa mahututi. Walioona kwamba hatapona wakamfunga kwenye mkeka, wakamfukia angali hai. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alisikia sauti ya kuugua kutoka ardhini, akafukua, akamtoa, akampeleka kwa masista wa Kikatoliki waliokuwa na nyumba ya wagonjwa na watoto pale mjini. Masista wale wakamuuguza na kumlea.

Ujasiri wa Swema ulikuja kuonekana baadaye. Siku moja aliletwa mgonjwa mwenye majeraha pale kwa masista, na Swema akiwa mhudumu akamtambua. Alikuwa yule yule aliyeamuru azikwe. Simulizi inasema haikuwa rahisi kwake hata kidogo. Alipambana na moyo wake. Mwisho akamsamehe, akamhudumia kama wagonjwa wengine.

Kijana mwenye panga hawezi kufanya hivyo. Lakini mtoto wa kike aliyefukuliwa kaburini aliweza, kwa kuwa alikuwa na watu waliomwonyesha kwanza huruma ni kitu gani. Huwezi kumfundisha mtoto kusamehe kwa maneno matupu. Lazima aonje kwanza.

MJI WA FRERETOWN

Turudi sasa kwetu. Meli za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na waliookolewa wengi walipelekwa mpaka Bara Hindi, kwa sababu huku hakukuwa na mahali pa kuwaweka. Karibu na mji wa Nasik, upande wa Bombay, kanisa la Anglikana lilikuwa na makao ya watoto hao. Walisoma, wakajifunza kazi za mikono kama useremala na uhunzi, na waliomwamini Kristo wakabatizwa. Mwaka 1864 baadhi yao walirudi Afrika wakaja Rabai kusaidia kazi. Kati yao walikuwamo William Jones na Ishmael Semler. Watu waliwaita Wabombay.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Mwingereza Sir Bartle Frere alikuwa amekuja mwaka huo kuusukuma mkataba huo. Sasa swali likawa, hao watakaookolewa waende wapi? Mwishoni mwa 1874 mmisionari W. S. Price alifika Mombasa, akanunua ardhi upande huu wa bara unaotazamana na kisiwa, na mwaka 1875 mji ukaanza. Ukaitwa Freretown kwa jina la yule bwana Frere. Wabombay wengi wakaja kuwa walimu, mafundi na wazee wa mji.

Kengele ikatundikwa. Kazi yake kubwa haikuwa kuita watu kanisani, ilikuwa kuwaonya kwamba wakamata watumwa wanakuja. Mnara wake bado umesimama, na hata makondakta wa matatu, wakisema Kengeleni, wanaitaja historia hiyo bila kujua.

Fikirini watu walioshuka kwenye jahazi mwaka huo 1875. Mtoto hajui mama yake yuko wapi. Hajui kwao ni upande gani. Lugha ya aliyekaa naye ni tofauti na yake, maana huyu Myao, huyu Mnyasa, mwingine ametoka kwingineko. Jina lake alilopewa na wazazi ameambiwa alisahau. Mtoto kama huyo anaogopa kila kitu, hata mkono unaompa chakula.

Walifanyaje? Watu wazima walipewa viwanja na mashamba wakajenga nyumba zao. Watoto wakawekwa mabweni, wakasomeshwa, wakafundishwa kazi. Kulikuwa na sala asubuhi na jioni, na Jumapili mji wote ukakusanyika. Ni mambo ya kawaida kabisa. Kula kwa wakati, kulala mahali pamoja kila siku, kuitwa kwa jina, kuwa na kazi yako, na kujua kwamba kengele ikilia wakubwa watakuja kwanza kukutafuta wewe. Mtoto akiishi hivyo mwaka hadi mwaka, woga unaanza kumtoka.

Vitabu vinataja majina ya wanaume wengi, ya mama wachache sana. Lakini sisi ni kina mama, tunajua. Mtoto aliyelia usiku alibembelezwa na mtu. Uji ulipikwa na mtu. Aliyepata upele aliogeshwa na mtu. Wale mama ambao majina yao hayakuandikwa wengi walikuwa wametoka utumwani wenyewe, na baadhi yao walikuwa wamepoteza watoto wao wa kuzaa. Wakawalea watoto wa wenzao.

WALIOBEBA MZIGO HADI MWISHO

Je, malezi ya namna hiyo yalizaa matunda? Mwacheni mzee Matthew Wellington awe shahidi wa kwanza. Alizaliwa Myao, jina lake Chengwimbe. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akaokolewa baharini, akalelewa Nasik. Mwaka 1872 yeye na vijana wenzake wa Nasik, akiwemo Jacob Wainwright, waliungana na msafara wa Daktari David Livingstone huko Unyanyembe.

Livingstone alifariki mapema Mei 1873 kijijini kwa mtemi Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Mzungu mwingine hakuwepo. Wale watu wangeweza kugawana mali na kila mtu ashike njia yake. Nani angewauliza? Badala yake walikaa baraza, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaamua kuupeleka mwili pwani. Moyo wake waliuzika pale chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma maneno ya maziko. Mwili wakaupaka chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na magome.

Walitembea miezi tisa, zaidi ya kilometa 1,600. Waliugua, na wengine wakafa. Walipofika Unyanyembe walikutana na afisa Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Baadaye watu wa njiani walipozuia maiti isipite, walitengeneza furushi la uongo wakalirudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wa kweli wakaufunga kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Kina mama walikuwamo pia katika msafara wa Livingstone, na mmoja wao ni Halima, mpishi wake.

Jacob Wainwright alikwenda na mwili hadi London, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Matthew Wellington yeye alirudi huku kwetu, akaishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935. Mtoto aliyeuzwa kama mzigo alikua akawa mtu ambaye hakuweza kuuacha mzigo wa mwenzake njiani. Huo ndio ujasiri: kumaliza ulichokianza wakati hakuna anayekutazama.

WILLIAM JONES WA RABAI

Shahidi wa pili ni William Jones, naye mtoto wa Nasik. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alifika Mombasa, na mwaka huo huo akawawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi. Mwezi wa Julai askofu akafunga safari ya kwenda Uganda kupitia nchi ya Wamasai, na Jones akawa msaidizi wake. Walipofika upande wa Mumias, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi, akatangulia na watu 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu aliuawa Busoga, na karibu wote aliokuwa nao wakauawa.

Walinusurika wachache sana, na ndio waliomletea Jones habari. Sasa ona mzigo uliomwangukia. Yuko mbali na kwao, kiongozi amekufa, watu wana hofu, na njia ya kurudi ni ile ile ya hatari. Jones aliwakusanya akawarudisha. Mapema 1886 waliingia Rabai, na mbele yao bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Biblia mnalijua jina hilo, liko katika kitabu cha kwanza cha Samweli, ni jina la kilio. Wajane wa Rabai na Freretown walikuwa wakingoja kuona ni nani amerudi na nani hakurudi. Jones hakulificha jambo hilo, wala hakuwatuma watu kulisema kwa niaba yake. Kuwaletea watu habari mbaya uso kwa uso ni ujasiri ambao hata sisi watu wazima hutushinda.

Halafu yakaja mambo ya 1888. Utumwa wenyewe ulikuwa bado haujafutwa huku pwani, ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1907. Watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walikimbilia vituo vya misheni, na Rabai chini ya Jones walikuwa wamefika mamia kwa mamia. Wenye watumwa walikuja juu, wakasema ni wizi wa mali yao, na palikuwa na hatari ya kumwagika damu. Wakubwa wa misheni hawakutaka ugomvi. Lakini Jones alikuwa amewahi kuwa mtoto wa kushika mkono wa mtu asiyemjua ili aokoke. Angewafukuzaje? Mwisho kampuni ya Imperial British East Africa ikakubaliana na wenye watumwa walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watu takriban 1,400 wakapewa hati zao za uhuru.

Mwaka mpya wa namna hiyo! Wazazi wakiwa na karatasi mkononi kwamba mtoto wao ni wao.

VIBOKO HAVIZAI UJASIRI

Tusije tukadhani kila kitu Freretown kilikuwa kizuri. Historia ya kweli husema na lile lisilopendeza. Miaka ya kwanza nidhamu ya mji ilikuwa ya kijeshi, na viboko vilipigwa sana. Mwaka 1881 malalamiko juu ya ukatili wa msimamizi mmoja Mwingereza yalifika mbali mpaka uchunguzi wa serikali yake ukafanywa.

Tunalitaja hili kwa makusudi. Wapo wazazi wanaosema mtoto wa siku hizi amelegea kwa kukosa fimbo, na kwamba ukimpiga ndipo atakuwa jasiri. Watu wa Freretown walikuwa wamepigwa vya kutosha utumwani. Kama fimbo ingezaa ujasiri, basi watumwa wote wangetoka majasiri. Mtoto wa fimbo hujifunza mambo mawili: kuogopa mwenye nguvu, na kungoja siku atakapokuwa na nguvu yeye. Huyo ndiye anayeokota panga.

Kumrudi mtoto kupo, hatukatai. Lakini kumrudi ni kumrudisha njiani, naye hawezi kurudishwa na mtu ambaye hajawahi kutembea naye.

TUNAJIFUNZA NINI

Tumekaa na habari hizi, tukaona mambo manne ambayo yanaweza kufanyika katika nyumba ya vyumba viwili hapa Kisauni.

Kwanza, mtoto apewe kazi yenye maana na aaminiwe nayo. Nasik walifundisha ufundi, si nyimbo tu. Mtoto anayetumwa dukani na kurudisha chenji kamili, anayeachiwa mdogo wake saa moja, anajifunza kwamba neno lake lina uzito.

Pili, asimuliwe. James Mbotela, mtoto wa Freretown ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kikachapishwa 1934. Aliweza kukiandika kwa sababu wazee walikaa wakamwambia yaliyowapata. Sisi tunawaambia nini watoto wetu? Timotheo alipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike kabla hajamwona Paulo. Waambieni mlivyopita kwenye njaa, ugonjwa na madeni, na nani aliwasaidia. Mtoto akijua kwamba waliomtangulia walivuka, naye hujiona anaweza kuvuka.

Tatu, awe na watu zaidi ya wazazi. Mkono mmoja haulei mwana. Shule ya Jumapili, kwaya, mama mlezi wa ubatizo, mwalimu, jirani Mwislamu anayemuuliza kwa nini hayuko shuleni saa hizi, wote hao ni kengele za mtoto. Tunawashukuru sana majirani zetu Waislamu, maana wengi wenu mmewarudisha watoto wetu njiani bila kuuliza ni wa dini gani.

Nne, na hili ndilo la chama chetu, asiachwe deni likamchukua. Turudi kwa yule mama wa Swema. Alikuwa na upendo, hata akafa kwa upendo huo. Alichokosa ni watu kumi na tano hivi wenye sanduku la funguo tatu, ambao wangemwambia, dada, chukua hii ulipe nafaka, utarudisha kidogo kidogo. Siku hizi hakuna msafara wa watumwa unaopita Kengeleni. Lakini mtoto anaweza kutolewa shule kwa deni, akapelekwa kazi za nyumbani kwa watu asiowajua, au akaozwa mapema, au akaokotwa na wauza unga wanaompa chakula kwanza na mzigo baadaye. Mlango ni ule ule, nyumba yenye deni isiyo na watu.

NENO KWA MKUTANO MKUU

Kwa hivyo tukiulizwa mfuko wa watoto unatupa faida gani, tutajibu wazi kwamba kwenye kitabu cha hisa hauonekani. Mtoto wa mtu mwingine akimaliza kidato cha nne hakuna gawio linaloongezeka. Waliosema hivyo wamesema kweli, na hatutawapinga kwa hesabu.

Tunasema hivi tu. Udongo huu wa Freretown ulijengwa na watu waliolea watoto wasio wao. Matthew Wellington hakulelewa na mama yake. William Jones hakulelewa na mama yake. Swema alilelewa na masista wasiojua lugha ya kwao. Kama kila mmoja wa walezi hao angesema nina wangu, leo tusingekuwa na historia ya kuandika hapa, na huenda baadhi yetu tusingekuwepo, maana mnajua wenyewe damu za wazee wetu zimetoka wapi.

Maoni ya kamati ni kwamba shilingi 50 ziendelee. Atakayeona vigumu atoe 20, na mwenye shida mwezi huo asitozwe faini. Wanachama ndio wenye uamuzi.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka kumi. Tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao watoto wao tunawaona leo wakisoma. Tunawashukuru waume zetu waliotuvumilia Jumatano za kuchelewa kurudi, mapadre na wachungaji waliotuombea, na mama wauza samaki wa Kongowea ambao huchanga bila kuandikwa mahali popote.

Siku ya sherehe, baada ya ibada na kabla ya chakula, watoto wote wa mfuko pamoja na wa wanachama watatembea na wazee hadi kwenye mnara wa kengele, waonyeshwe na waelezwe. Wazazi, wavisheni viatu vya kutembelea, na wapeni maji ya kunywa. Mkutano mkuu utaanza saa nane kamili. Njoni na vitabu vyenu vya akiba.

Mungu awabariki.

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati